Neno la Mzazi Aliyepiswa Si Ushahidi

Liko jambo linalobomoa nyumba zetu za pwani, na watu hulipa jina lisilo lake. Mama mzee asema mkaza mwana wake amemwibia bangili. Kesho asema hajapewa chakula tangu juzi, na hali sahani imeondolewa mbele yake sasa hivi. Khabari yatoka chumbani, yafika kwa wifi, yapanda barazani, na kabla ya magharibi mtaa umekwisha kuhukumu. Mke wa mtu aitwa mwizi, ndugu wakatana, na talaka hutolewa. Nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: mwenye dhambi hapo si mama yule wala si mkaza mwana. Mwenye dhambi ni yule mwenye akili timamu aliyelipokea neno la mgonjwa akalitembeza.

Fahamu, ewe msomaji, kwamba kupiswa ni maradhi ya ubongo. Kumbukumbu haikai kichwani kama mkufu ndani ya kasha, ukiufungua waukuta vile vile. Kila mtu akikumbuka huunga vipande upya, na hata sisi wazima hukosea katika kuunga. Aliyepiswa vipande vyake vimepotea, na ya karibuni ndiyo hupotea kwanza. Basi ubongo huziba pengo kwa kilicho karibu: jambo la zamani, khofu, au ndoto. Naye huyaamini hayo kama uaminivyo wewe jina lako. Kwa hiyo hasemi uwongo. Mwongo ni ajuaye kweli akaificha.

Zitazame zile bangili. Mama amezificha mwenyewe ndani ya mchele kwa kuogopa wezi, kisha amesahau kuwa alizificha. Kilichobaki mbele yake ni kasha tupu, na akili yamtafuta mwizi. Nani aingiaye chumba kile kila siku? Ni yule amwogeshaye na kumlisha. Ndiyo maana mara nyingi atuhumiwaye zaidi ni ahudumiaye zaidi, na yule mwana ajaye sikukuu hadi sikukuu na mfuko wa halua husifiwa. Je, hiyo ni haki?

Wala msidhani ni aibu ya nyumba yenu peke yenu. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, tabibu Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Dalili yake ya mwanzo ilikuwa kumwonea mumewe wivu na kumtuhumu. Maradhi aliyoyaeleza tabibu huyo mbele ya wenzake mwaka 1906 ndiyo yaitwayo kwa jina lake mpaka leo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye maradhi ya kupiswa katika mwaka 1 wa 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Na sisi Waislamu tulikwisha kuambiwa katika Suratun Nahli, aya ya 70, kuwa wako watakaorudishwa kwenye umri dhalili hata wasijue kitu baada ya kujua.

Sasa wako wanaokimbilia kusema: amerogwa, au ana jini. Neno hili lina damu. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi imeonekana tamaa ya shamba. Mzee aliyepiswa akisema usiku alikwenda akazungumza na wafu, mjinga huyafanya maneno hayo kuwa ni kukiri. Neno lake juu ya mkaza mwana si ushahidi, na neno lake juu ya nafsi yake pia si ushahidi.

Wabaya kupita hao ni wale wamjiao mama na karatasi na kidau cha wino. "Mama mwenyewe amesema nyumba ni yangu." Amesema lini, na kwa akili ipi? Wasia na mauzo hutaka akili timamu. Suratul Baqara, aya ya 282, imemwamrisha msimamizi wa asiyeweza aandikishe deni kwa uadilifu; haikumruhusu kujiandikia mwenyewe. Anayekipaka wino kidole cha mzazi asiyejua ni siku gani leo ni mnyang'anyi, ingawa amevaa kanzu nyeupe.

Mtu ataniuliza: je, tupuuze kila asemalo? La hasha! Wako wazee wanaopigwa kweli, na wanaonyimwa chakula kweli. Suratul Hujurati, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha khabari, na kuhakikisha si kuamini wala si kukanusha. Tafuta bangili kwanza. Mtazame mwili, kama una alama au umekonda. Hesabu fedha zake. Na akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, mpeleke hospitali upesi, kwani maradhi ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini, au dawa huweza kumvuruga mzee, na hayo hutibika.

Mwingine atasema: kumwitikia ni kusema uwongo, lazima nimsahihishe. Mjane auliza mumewe atarudi lini kutoka baharini, nawe wamwambia amekufa miaka 20 iliyopita. Analia msiba mpya. Baada ya saa asahau, auliza tena, nawe wamfisha mumewe tena. Ni ukweli gani huo usiozaa ila machozi? Suratul Israi, aya ya 23, imekataza hata kuwaguna wazazi. Hukulazimishwa kusema uwongo. Mwambie, "Umemkumbuka, mama. Nihadithie khabari zake." Na juu ya bangili, "Njoo tuzitafute pamoja." Hapo kuna uwongo gani?

Basi ukisikia barazani kuwa bibi fulani amesema mkaza mwana wake ni mwizi, likomeshe neno hapo hapo. Kisha nenda ukambebee mama yule zamu ya usiku mmoja, ili mhudumu wake apate kulala. Mola atustiri sisi na wazazi wetu, na atujaalie watoto watakaotustahimilia itakapofika zamu yetu. Amin.