Ana Mbawa, Aende Wapi?

Ukiuliza habari ya msitu unaofyekwa upande wa bara, kuanzia Witu hadi Boni, jibu la barazani Lamu liko tayari: ndege ana mbawa, atahama. Husemwa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Mimi naona ni maneno ya kujiondolea lawama tu.

Mbawa humfikisha ndege mahali, hazimlishi. Mtazameni shore wa kahawia, yule akaaye chini msituni. Hutembea kikundi, wakizozana kwa sauti za kukwaruza, kila mmoja anapindua jani kavu kwa mdomo, analitupa kando, anachungulia, anadona mende au buibui, kisha anakwenda jani la pili. Kazi aijuayo ni hiyo. Na majani hayo hujaa wadudu kwa kuwa juu yake pana kivuli, chini pana unyevu. Fyeka miti, jua likaushe, moto upite, uone kama atapata cha kupindua.

Ndege mwingine wa msitu huo, mwenye kifua chekundu, hungoja siafu watembee, apate kudaka panzi na mende wanaotimuliwa mbele yao. Yaliyowapata ndege wa namna hiyo kwingineko yanajulikana: karibu na Manaus, Brazili, tangu 1979 watafiti wamefuatilia vipande vya msitu vilivyobakizwa katikati ya malisho ya ng'ombe. Katika vipande vya hekta 1 na 10, ndege wafuatao siafu wa kule walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Mbawa walikuwa nazo.

Silaani kila panga. Waaweer, wenyeji wa msitu wa Boni, wamelima humo kwa kuhamahama, kipande kidogo, kisha wakakiacha kichipue. Hifadhi za Boni na Dodori nazo zipo tangu 1976, ila msitu haukuishia kwenye mipaka yake.

Basi shore ahamie wapi? Visiwani kuna mikoko, lakini maji yakijaa huzoa majani, na yanayobaki huburutwa na kaa mashimoni. Ukizidi kuingia bara ni nyika ya miiba. Shambani wadudu wapo, naam, lakini ardhi imefagiwa. Na kipande cha msitu kilichosalia kizima kina wenyewe, shore wengine, ambao hawamkaribishi mgeni kula kwao.