Nyumba za Portsmouth zisiachwe zianguke

Mashua ilitushusha Portsmouth, kisiwa cha mchanga pwani ya North Carolina, na hema, madumu ya maji na dawa ya mbu. Mbu wa kule, jamani, hawana mfano! Tulilala ufukweni, kwa kuwa katika kijiji cha kisiwa hicho hairuhusiwi kupiga kambi, na naona ni haki.

Kijiji kilianzishwa 1753. Meli kubwa zilipunguza shehena hapo ili zivuke maji ya kina kifupi ya mlango wa bahari wa Ocracoke. Mwaka 1846 dhoruba ikafungua mlango mwingine huko Hatteras. Kazi ikahama, watu nao wakafuata kidogo kidogo. Miongoni mwa wachache waliosalia, Henry Pigott, mzao wa watumwa, ndiye aliyekuwa akiifuata mashua ya barua kwa chombo chake kidogo. Alipofariki 1971, wanawake wawili waliobakia wakaondoka.

Nilisimama peke yangu katika kanisa la kijiji. Mabenchi yamepangwa kana kwamba ibada ni kesho. Nilipapasa ubao wa ukuta, mkono ukatoka na ukungu wa chumvi. Machozi yalinilenga.

Kimbunga Dorian, 2019, kilijaza maji kijijini. Serikali ya Marekani isingoje kingine: itoe fedha za mapaa na misingi sasa. Wazao wa Portsmouth bado hurudi kuimba katika kanisa hilo.