Baada ya Namugongo, mpeni hujaji siku moja ya ziwa

Kila mwaka Juni 3 inapokaribia, barabara ya Busia kwenda Kampala hujaa watu wenye rozari mkononi na begi mgongoni. Kutoka mpakani ni takriban kilomita 200, na wapo walioanza kutembea mbali zaidi, ndani kabisa ya Kenya. Wanakwenda Namugongo, walikochomwa moto wengi wa mashahidi wa Uganda mwaka 1886.

Sisi wa mpakani tunawafahamu. Wakati wa kwenda wananunua maji, ndizi na kandambili za kupumzisha miguu, lakini kurudi ni habari nyingine. Misa ikiisha, wengi hupakiwa kwenye mabasi na kusafiri usiku. Busia wanaipita wamelala. Mtu ametembea siku nyingi, kisha anarudi kwao bila hata kuloweka miguu yake ziwani. Anakosa mapumziko, na mchuuzi anakosa mauzo.

Kwa maoni yangu, viongozi wa misafara na vyama vya wafanyabiashara wakae pamoja wapange siku moja zaidi, ya ufukweni.

Wenzetu wa Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, wanalijua hili siku nyingi. Mwaka 2024 karibu mahujaji 500,000 walipokea cheti cha kukamilisha safari ya Santiago de Compostela. Kanisa ndilo mwisho wa hija, lakini bahari iko mbele yake kilomita 90 hivi, pale Fisterra, jina linalotokana na Kilatini lenye maana ya mwisho wa dunia. Wenye nguvu huendelea kwa miguu. Waliochoka hupanda basi asubuhi, wakapita mji wa wavuvi wa Muros na maporomoko ya Ézaro, wakala pweza, wakatazama mnara wa taa, wakasali Muxía kando ya mawimbi, na jioni wamerudi. Siku hiyo moja inamlipa dereva, mvuvi, mama wa mgahawa na muuza zawadi.

Wengi wao hutokea Ureno kwa miguu. Wanavuka daraja la mto Minho kati ya Valença na Tui, na tangu 1995 hakuna anayewasimamisha kugonga pasi.

Kwetu ziwa liko karibu zaidi. Munyonyo, kusini mwa Kampala, ni jirani na maji, na ndiko safari ya mashahidi kuelekea kifo ilikoanzia Mei 1886. Hujaji akienda huko hajatoka nje ya hija yake. Hatua chache kutoka hapo ni Ggaba, penye soko na mwalo wa samaki. Anayetaka kupumzika zaidi ana Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Na Mkenya anayerejea nyumbani anaweza kula samaki wake Dunga, Kisumu.

Ili hilo liwezekane, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, hati. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania hayumo katika mpango huo. Hubeba pasi au hati ya dharura ya kusafiria. Huo ni mlango ambao wakubwa wetu wanapaswa kuufungua. Pili, mizigo. Hujaji anayenunua mikeka na vikapu kwa ajili ya jumuiya yake aelezwe mapema kuhusu utaratibu rahisi wa biashara, unaohusu bidhaa za orodha iliyokubaliwa zisizozidi dola 2,000, asije akanyang'anywa kwa kutojua. Tatu, usalama. Asipandishwe mtu mtumbwi bila jaketi la kuokolea. Ziwa halimjui hujaji wala mchuuzi.

Wapo watakaosema hija ni sala, tusiigeuze gulio. Nawaheshimu. Ndiyo maana nazungumzia siku ya baada ya Misa, wala si njiani wala uwanjani. Na siku hiyo isiwe ya kumkamua mgeni. Atakayeuza chupa ya maji kwa bei mara tatu mwaka huu, mwaka ujao atauziwa yeye hadithi. Bei ziandikwe wazi, kwa shilingi za pande zote mbili.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wanakuja kila Juni, kwa miguu yao wenyewe, bila tangazo hata moja. Vyama vyetu vya Busia na Malaba visisubiri Mei ndipo viitishe kikao. Vizungumze na maparokia sasa, basi la kurudi liondoke siku moja baadaye, mchana, na lisimame mpakani abiria wakiwa macho.