Taa Nyekundu si Pambo la Gari

Ukipanda gari na kukaa karibu na dereva, tazama nyuma ya usukani. Utaona taa ndogo ndogo. Moja ni nyekundu. Ina duara, na ndani yake alama ya mshangao. Alama hiyo unaijua, maana umejifunza kusoma. Hiyo ndiyo taa ya breki.

Wengi husema taa hiyo inamhusu dereva peke yake. Mimi sikubali. Breki zikikataa, haumii dereva peke yake.

Katika gari dogo, dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukumwa ndani ya vibomba vyembamba mpaka kwenye magurudumu. Mafuta yakipungua, taa huwaka. Pengine bomba linavuja. Pengine pedi za breki zimelika. Taa huwaka pia kama hendibreki imevutwa. Basi dereva aishushe kwanza. Taa ikiendelea kuwaka, asimame. Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Upepo ukipungua, taa huwaka na mlio husikika.

Madereva wengine huongeza maji badala ya mafuta. Hilo ni jambo baya sana. Breki hupata moto, maji huchemka na kuwa mvuke, na dereva hukanyaga bure.

Gari likiwashwa, taa hiyo huwaka kidogo, halafu huzimika. Isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda imekufa, au mtu amekata waya ili isimsumbue. Ni kama kumziba mdomo mtu anayepiga mwano usiku wezi wanapokuja.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori liligonga magari mengine. Watu 25 walikufa. Polisi walisema breki za lori zilishindwa kufanya kazi. Utasikia watu wakisema, "Huko ni milimani. Shinyanga yetu ni tambarare." Ndiyo, ni tambarare. Lakini ng'ombe wetu huvuka barabara bila kungoja mtu. Wako watoto wa shule. Wako wenye baiskeli za mkaa. Na barabara iliyonyooka ndiyo humfanya dereva akimbize gari.

Siku moja nilipanda gari dogo la abiria kutoka Shinyanga kwenda Kahama. Taa ile ilikuwa inawaka. Nikauliza, "Kaka, mbona taa ya breki inawaka?" Akajibu, "Mzee, hiyo ni waya tu." Mama mmoja nyuma akasema, "Kama ni waya, fundi atatuambia." Abiria wengine wakamuunga mkono. Tulipofika Tinde, dereva akasimama. Fundi akaingia chini ya gari, akatoka na vidole vimelowa mafuta. Bomba la gurudumu la nyuma lilikuwa linavuja.

Simlaumu sana yule kijana. Jioni tajiri wake alikuwa anangoja hesabu, na gari likisimama hesabu haitimii. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na inamhusu pia mwenye gari.

Tulikaa Tinde karibu saa mbili. Nyanya za yule mama zilianza kulainika kwa jua. Alizigeuza moja moja, akapanga zilizo nzima juu, na hakudai nauli yake.