Si Kila Anayetetemeka Amedekezwa

Mwandishi wa makala kuhusu "vijana waoga" anadai kwamba anayetetemeka hata hatari ikishapita alidekezwa nyumbani, na dawa yake ni kukaripiwa. Aje Maili Moja, Kibaha, asimame jioni kando ya Barabara ya Morogoro. Lori likifunga breki ghafla, kijiwe kizima cha bodaboda hushtuka. Mmoja anacheka na kurudi kwenye kahawa yake. Mwenzake, viganja vimelowa jasho, bado anaikodolea macho barabara. Wamekulia mtaa mmoja. Malezi yameingiaje hapo?

Ndani ya ubongo kuna amigdala, kijisehemu chenye umbo la lozi, kinachoushtua mwili kabla hata hatujafikiri. Sehemu ya mbele ya ubongo husaidia kukituliza. Ukali wa mshtuko na kasi ya kutulia hutofautiana kati ya mtu na mtu: kwa kurithi, kwa yaliyomkuta, hata kwa usingizi alioukosa jana.

Tena amigdala si kila kitu. Mwanamke wa Marekani anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye maradhi yaliharibu amigdala zake zote mbili, hakuogopa nyoka wala buibui. Lakini watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba alipovuta hewa yenye kaboni dioksidi nyingi, alipatwa na kiwewe. Naye alidekezwa?

Kinachonikera zaidi ni huo ushauri. Ubongo unaoona hatari kila kona, ukiukaripia umeuongezea nyingine. Mguu uliovunjika ajalini tunaukimbiza Hospitali ya Tumbi, hatuukaripii. Hofu iliyobaki nayo inatibika: kwa ushauri nasaha, na kwa kuirudia barabara kidogo kidogo.