Bi Harusi, Sanduku la Harusi Libaki Nyumbani



Msimu wa harusi umeingia, na maswali ya mabibi harusi wetu ni yale yale: sare, ukumbi, mpambaji, na siku hizi fungate. Linalonifurahisha ni kuwa wapo wanaotaka kwenda bara badala ya hoteli za ufukweni. Wana haki. Sisi tumezaliwa na bahari mlangoni, mchanga mweupe si ajabu kwetu. Lakini mtu akitajiwa Katavi, viboko na nyati upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili, moyo unamwenda mbio.

Likishatajwa jina la mahali, swali la pili ni: nipakie nini? Hapo ndipo nina rai yangu, na najua itawaudhi baadhi ya mashangazi. Sanduku ulilopelekewa na bwana harusi lisisafiri nawe. Libaki nyumbani, chini ya kitanda chako, likusubiri.

Sanduku ni ada, begi ni safari

Tunajua sanduku letu lilivyo. Linapelekwa kwa vigelegele, linafunguliwa mbele ya wanawake, kinanyanyuliwa kimoja kimoja: mabuibui, madera, doti za kanga na kisutu kikiwemo, viatu na mikoba yake, manukato, nguo za kulalia. Hesabu inafanywa, na inazunguka mtaani kabla jua halijatua. Ni ada yetu na ina uzuri wake. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza pale wifi na mashangazi wanapomwambia bi harusi, "Nenda nalo lote, wakuone." Nani wa kukuona huko Sitalike? Viboko?

Na gharama anaibeba nani? Kijana ameshatoa mahari, amelipa ukumbi na chakula, pengine ana deni analolificha kwa sababu ni mume mpya na hataki kuonekana mnyonge. Sasa anaongezewa kilo za ziada uwanja wa ndege, mchukuzi bandarini, mchukuzi stesheni, bajaji ya mizigo. Hasemi kitu, lakini uso unasema. Ndoa ina siku tatu, na neno la kwanza zito baina yao limetokana na viatu ambavyo havitavaliwa. Mimi naona hilo ni jambo la kuzuiwa mapema, na wa kulizuia ni bi harusi mwenyewe.

Njia yenyewe haitaki masanduku

Tazama safari ilivyo. Unapanda boti Unguja hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo unakwenda Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, kwa ndege, kwa basi au kwa treni ya reli ya kati kupitia Tabora na Kaliua. Mkioneana raha na treni, jueni kuwa katika vyumba vya vitanda sita desturi ni wanawake kwao na wanaume kwao. Basi ulizeni mapema habari ya chumba cha wawili, na kila mmoja awe na begi lake lenye vitu vyake vya usiku. Mume akiwa behewa jingine na mswaki wako, hautakufaa kitu.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni kilomita kama 35 hadi 40 kwa barabara ya Sumbawanga. Wenye uwezo huruka kwa ndege ndogo hadi ndani ya hifadhi. Hizo ndizo kali kuliko zote: kwa kawaida kila abiria ana kilo 15 tu, pamoja na mkoba wa mkononi, na begi linatakiwa liwe laini, lisilo na fremu ngumu, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu na rubani anahesabu uzito. Sanduku la magurudumu likiwa tupu tu limeshakula sehemu kubwa ya kilo zako.

Wapo pia wanaotaka fungate ya melini, na meli tunayo, ya ziwani. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Imekuwa na vipindi virefu vya kusimama kwa matengenezo, kwa hiyo ulizeni kabla hamjapanga. Miaka na miaka imepita ikishusha watu Ikola na Karema, upande wa Katavi. Karema sasa imejengewa bandari, lakini vituo vingi vidogo vya ziwa havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, maboti ya mbao yakaja ubavuni, mara nyingi usiku, watu na mizigo wakateremshwa gizani. Mwanamke aliyevaa juba refu, mkono mmoja umeshika kamba, hawezi kushughulika na masanduku matatu. Anahitaji begi moja la mgongoni, suruali pana chini ya juba, na mkono mmoja mtupu wa kumshika mumewe.

Buibui jeusi na mbung'o

Hili wengi hawalijui, na ndilo linalogeuza mpango mzima wa nguo. Katavi kuna mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita huko. Mbung'o anavutwa na rangi nyeusi na buluu. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo mbili. Sasa mfikirie bi harusi wetu ndani ya gari la wazi, amevaa buibui jeusi jipya na mtandio wa buluu. Amejigeuza mtego! Na kitambaa chepesi kilichobana mwili hakimzuii kuuma.

Kwa hiyo mabuibui meusi ya sandukuni yasiende porini. Chukua majuba ya rangi ya udongo, kahawia, maziwa au majani makavu, kitambaa kizito kiasi na kipana. Stara yako inabaki kamili, na hapo ndipo napingana na wanaosema mwanamke wa hijabu hawezi kusafiri na mzigo mwepesi. Mikono mirefu, shingo iliyofunikwa na miguu iliyositirika ndiyo hasa kila mgeni wa porini anashauriwa avae, kwa ajili ya mbung'o, mbu na jua. Wewe umeshavaa. Tahadhari moja tu: usichukue nguo yenye mabaka ya kijeshi hata kama ni mtandio, maana kwa raia nchini ni marufuku.

Kinachotosha kwa siku sita

Majuba matatu, moja mwilini na mawili begini. Mitandio minne isiyoteleza, kwa sababu ya upepo wa gari na wa ziwa. Suruali pana mbili. Sweta moja: mwezi wa sita na wa saba usiku wa Katavi una baridi kuliko tulivyozoea. Viatu viwili, vya kufunika na soksi, na kandambili. Nguo moja nzuri ya usiku wa kula nje. Nguo za kulalia uzipendazo, hizo hazina uzito. Nguo za ndani za kutosha na sabuni ndogo, kwani kambi nyingi humfulia mgeni nguo za nje lakini za ndani humwachia mwenyewe. Pedi, hata kama tarehe yako bado, maana porini hakuna duka.

Kisha doti mbili za kanga. Kanga ni taulo, ni shuka la treni, ni pazia la kubadilishia nguo, ni mto ukiikunja, ni msala ikiwa safi, ni kifungashio cha nguo chafu. Hakuna kitu duniani kilichotengenezwa kwa ajili ya begi dogo kama kanga, na sisi tunaikunja kabatini tukaenda kununua vitu vitano vya kufanya kazi yake.

Dawa zisisahaulike. Visiwani kwetu malaria imeshuka chini ya asilimia 1, alhamdulillah, lakini hiyo ina maana miili yetu haijazoea tena ugonjwa huo, na mikoa ya magharibi bado unao. Nyote wawili muoneni daktari kabla ya safari, na mbebe dawa ya kufukuza mbu. Ongeza tochi, betri ya akiba ya kuchajia simu, kopo dogo la maji ya chooni, vitambulisho, na nakala ya cheti cha ndoa ili msiulizwe mara mbili mapokezi. Mifuko ya rambo usiifikirie, imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumia mifuko ya kitambaa, na mmoja usiopitisha maji kwa ajili ya ziwani.

Vya pamoja viwe vya pamoja: sabuni moja, dawa ya meno moja, chaja moja. Mmeshaoana.

Chetezo na udi vibaki nyumbani. Moto ndani ya hema la turubai ni hatari, kichupa kidogo cha mafuta ya udi kitakutosha mkiwa wawili chumbani. Singo na liwa zimeshafanya kazi yake. Na acha nafasi ya kurudi: asali ya Inyonga na mchele wa Mpimbwe ni zawadi ambazo mavyaa atazikumbuka kuliko picha zako zote.

Dhahabu

Bangili na mikufu ya harusi isisafiri. Pete ya ndoa inatosha. Tunakijua kisa cha mama yetu Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipopotelewa na mkufu safarini, nao ulikuwa wa kuazima kwa dada yake Asmaa. Msafara mzima ukasimama kuutafuta mahali pasipo na maji, na kutokana na hapo ikateremshwa ruhusa ya kutayamamu. Kwa umma ilikuwa baraka, na hatukisemi kisa hiki kwa kumlaumu yeyote. Nakikumbusha kwa sababu kinaonesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kusimamisha safari ya watu wengi. Sisi tukipoteza mkufu kwenye majani ya Katavi, msafara utakaosimama ni wa watu wawili, na machozi yatachukua siku nzima.

Ibada haina kilo

Vitu vizito kuliko vyote thawabu yake ndivyo vyepesi kuliko vyote begini: msala wa safari, mswaki, na msahafu mdogo au ulio kwenye simu. Mpanda iko magharibi mno ya Unguja, jua linazama huko kama nusu saa baada ya kwetu. Basi ratiba ya swala ya nyumbani haitafaa, badilisha mji kwenye simu kabla mtandao haujapotea. Kibla ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha swala za rakaa nne kuwa mbili na kuzikusanya. Muulizeni sheikh wenu kuhusu siku mtakazokaa, kisha mpange matembezi ya wanyama yasivunje swala, kwani ndani ya hifadhi huwezi kushuka garini popote upendapo. Dua ya safari ihifadhini wote wawili.

Tena Mola wetu katika Surat al-Baqara, aya ya 197, anapowaamrisha mahujaji wachukue masurufu ya njiani, anawakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Hakuwakataza kupakia. Aliwapangia kipi kitangulie.

"Lakini mume akuone umependeza"

Hii ndiyo hoja ya mashangazi, na nusu yake ni kweli. Mume ana haki ya kukuona umependeza, nawe una haki ya kumuona naye amependeza. Lakini pambo la mke kwa mumewe ni la chumbani, na la chumbani linaingia kwenye mfuko mmoja mdogo. Yanayojaza masanduku matatu ni ya watu wengine: ya picha, ya kundi la simu, ya jirani aliyesema sanduku la fulani lilikuwa kubwa zaidi. Kwa nini mwanamume alipie kilo za watu hao?

Kwa hiyo, mwanangu bi harusi, usiku mmoja kabla ya safari kaeni wawili, mwaga kila kitu kitandani, azimeni mizani ya dukani mpime. Kinachozidi kirudi sandukuni. Shangazi akiuliza, mjibu kwa adabu, "Shangazi, nimekiweka nije nikivae nyumbani kwangu, uje unione." Hatakuwa na la kusema, maana umemkaribisha.

Na sanduku lile mtalikuta mkirudi, nguo zote mpya, miezi ya kwanza ya ndoa ikiwa mbele yenu ya kuzivaa.

Allah awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma, awaepushe na madeni, na awarudishe salama. Amin.