Migomba ya Kew na Pauni Zetu

Ndugu wanachama, katika kikao kilichopita kamati iliomba mapendekezo ya safari yetu ya majira ya joto. Mimi nikataja bustani ya mimea ya Kew, London. Ukumbi mzima ukacheka. Mwenzetu mmoja akauliza, "Yaani nilipe pauni zangu nikaangalie migomba, na nyumbani ipo nyuma ya jiko?" Dakika zangu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nimjibie hapa. Swali lake ni la haki kabisa. Pauni ya mtu anayebeba boksi usiku na asubuhi yuko darasani haitupwi ovyo.

Kwanza, kaka, mgomba wenyewe sio hoja. Hoja ni namna ulivyofika pale. Kew ilianzishwa 1759 na kwa muda mrefu ilikuwa kama stoo kuu ya mimea ya dola ya Kiingereza. Mwaka 1876 mbegu kama 70,000 za mpira zilitolewa Brazili zikaletwa Kew. Zilizoota hazikufika 3,000, lakini zilitosha. Miche ikapelekwa Asia, mashamba yakafunguliwa kule, na baada ya miaka kadhaa biashara ya mpira ya Brazili ikaanguka. Hiyo ni siasa ya uchumi tupu, wala sio habari ya maua, na wale wenzetu wa uchumi wanaolipia vitabu ghali kusoma mambo hayo wangeenda wakayaone kwenye vyungu.

Pili, mali zetu. Yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu huyaweka dirishani, na supamaketi zinayauza, asili yake ni Usambara na milima ya jirani. Mwaka 1892 mtawala mmoja Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyatuma kwao Ujerumani, yakaitwa kwa jina lake: Saintpaulia. Ni wangapi kati yetu, hata sisi wa Tanzania, tulijua hilo tukiwa nyumbani?

Na hapo ndipo ninapotaka tubishane kweli. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ile Flora of Tropical East Africa, ilichukua takribani miaka 60 na ilimalizika 2012. Ndani yake mna aina zaidi ya 12,000, na Kew ndiko ilikoratibiwa. Sampuli nyingi za awali, zile ambazo mmea ulipewa jina kwazo, ziko huko huko, katika hifadhi yenye sampuli kama milioni saba. Mtaalamu wa Nairobi, Kampala au Dar akitaka kuhakikisha mmea wa kijijini kwao ilimbidi atafute viza kwanza. Siku hizi Kew wanazipiga picha na kuziweka kwenye intaneti, jambo zuri, lakini picha sio mmea. Mimi sisemi tubebe mabango getini. Nasema tuna wanachama wa botania na famasia, na sijasikia hata mmoja amewahi kuomba kuingia kwenye hifadhi ile. Haiingiwi kwa tiketi ya kawaida, huandikiwa mapema na mwenye sababu ya kitaaluma. Katibu aandike barua sasa, sio wiki ya safari.

Mimi ni mhandisi, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Jengo la Palm House lilijengwa 1844 hadi 1848, vioo na chuma vitupu, kwa mbinu zilizoazimwa kwa waunda meli. Ukisimama katikati ukatazama juu utadhani jahazi limepinduliwa. Moshi wa tanuri za kupashia joto ulipitishwa chini ya ardhi mpaka kwenye mnara wa mbali, ili usichafue mandhari! Ndani yake amekaa mkongwe mmoja, mmea kutoka Afrika Kusini ulioletwa 1775, bado uko kwenye chungu. Jengo hilo limepangiwa matengenezo makubwa yatakayolifunga kwa muda mrefu, kwa hiyo kamati ihakikishe kwanza kama liko wazi. Likiwa limefungwa, kuna Temperate House, kubwa zaidi, lililofunguliwa upya 2018.

Sasa mipango. Tiketi ya kununua mapema kwenye intaneti ni nafuu kuliko ya getini, na kuna bei ya wanafunzi. Wadogo zangu wa shahada ya kwanza, msisahau vitambulisho. Treni ya District inashusha Kew Gardens, hatua chache kutoka geti la Victoria. Tufike milango inapofunguliwa, maana eneo ni zaidi ya hekta 120 na hamna atakayelimaliza kwa siku moja. Tuchague sehemu tatu, nyingine ziachwe. Chakula tubebe wenyewe. Kula kwenye majani kunaruhusiwa, na bei za mkahawani sio zetu.

Wanaotaka maduka waende Jumamosi inayofuata, nami nitawasindikiza. Majina ya Kew apewe mweka hazina kabla ya mwisho wa mwezi. Chapati nitapika mimi, ila mtu mwingine ashike maharage.